Baridi Iliyofumbua Macho ya Darubini

Atakaye kusikia mnong'ono hana budi kwanza kunyamaza mwenyewe. Kanuni hii ndiyo iliyotawala historia ya ala zipokeazo mawimbi ya mbinguni yaliyo mafupi kidogo kuliko milimita moja. Mawimbi hayo hutoka katika mawingu ya vumbi ambamo nyota huzaliwa, na mengi ya mawingu hayo yana baridi ya nyuzi 250 za Sentigredi chini ya sifuri, au zaidi. Lakini kila kitu chenye joto hutoa mawimbi yake. Basi ala isiyopozwa hujisikia yenyewe, isiisikie mbingu.

Kufikia mwaka wa 1880 Mmarekani Samuel Langley alikuwa amebuni bolometa, utepe mwembamba wa madini ambao upatapo joto hubadili njia ya umeme. Kwa jua na mwezi ulitosha; kwa vumbi la mbali haukufaa. Dawa ilipatikana Uholanzi. Tarehe 10 Julai, 1908, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aligeuza gesi ya heliamu kuwa majimaji, yachemkayo katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Hata hivyo, ndoa ya ala na baridi ilichelewa. Wengine walijaribu, lakini bolometa ya jemaniamu iliyopozwa kwa heliamu, aliyoieleza Frank Low mwaka 1961, ndiyo iliyowafungulia wanafalaki mlango.

Mwaka 1998 zilitangazwa picha za SCUBA, ala ya darubini ya James Clerk Maxwell juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii. Bolometa zake zilipozwa hadi sehemu moja ya kumi ya digrii juu ya ukomo wa baridi yote, ambao ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Zikaonekana galaksi za mbali zilizofichwa na vumbi.

Faida hiyo si ndogo. Karibu nusu ya nuru ya nyota zote imemezwa na vumbi na kutolewa tena kama joto. Asiye na baridi husoma nusu ya kitabu, akadhani amekimaliza.

Lakini baridi ina gharama. Darubini ya Herschel ya Ulaya ilirushwa angani tarehe 14 Mei, 2009, na lita zaidi ya 2,300 za heliamu. Tarehe 29 Aprili, 2013, heliamu ilikwisha. Kioo chake kilikuwa kizima, lakini ala zilipata joto, na jicho likapofuka.