Mashahidi wa Ndoa

Mwaka 1971 nchi mbili zilitunga sheria ambazo, bila kukusudia, zimekutana mezani kwangu. Ya kwanza ni Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 1971. Ya pili ni Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza, iliyopitishwa Oktoba mwaka huohuo na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1973. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa chini ya ile ya kwanza, na sasa ninaomba ukaazi wa kudumu chini ya ile ya pili, kama mke wa Mkenya ambaye tayari anao ukaazi huo. Nasomea shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nilizifungua sheria hizi kwa ajili ya ombi langu nikajikuta naendelea kuzisoma hata baada ya kupata nilichokitafuta. Zote mbili zina swali moja: tutajuaje kwamba hawa wawili ni mke na mume? Majibu yao yanapishana tangu hatua ya kwanza.

Kifungu cha 160 cha sheria ya Tanzania kinasema hivi, kwa maneno yangu: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kama mke na mume, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Kifungu hiki hakikuwekwa kwa ajili ya kuwapamba wapendanao. Humfaa zaidi mwanamke aliyekaa na mwanamume kwa miaka, akalima naye, akajenga naye, kisha siku ya kuachana akaambiwa hakuwa mke kwa kuwa hana cheti. Ushahidi wake ni watu: jirani, shemeji, balozi wa nyumba kumi, yeyote aliyewaona wakiishi. Sheria inaanza kwa kuamini, na anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Uingereza nayo inataka miaka miwili. Mwongozo wa ombi la ukaazi wa kudumu kwa mwenza unataka barua sita zilizotumwa kwetu sote wawili katika anwani moja, zitoke sehemu tatu tofauti au zaidi, na tarehe zake zitawanyike katika miaka miwili iliyopita. Bili ya umeme, bili ya maji, taarifa ya benki, kodi ya halmashauri. Barua zikiwa na jina la mmoja tu, basi kila mmoja alete zake. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jirani anayetusikia tukibishana kuhusu chumvi kila jioni hana nafasi katika hesabu ya zile sita, lakini kampuni ya maji ambayo haijawahi kutuona inayo.

Nilitaka kujua imekuwaje. Nchi haiamki siku moja ikaanza kuzishuku ndoa za watu. Shaka hii ina umri wake, na ilianza kwa watu fulani kabla ya kuwafikia wote.

Mlango wa kwanza kufungwa unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya, watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza, wasiingie nchini humo kwa uhuru. Badala yake waliwekewa vocha maalumu za mgao, na vocha hizo alipewa mkuu wa kaya. Mwanamke mwenye mume hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya, isipokuwa mumewe awe na ulemavu uliomzuia kuibeba nafasi hiyo. Mke angeweza kumfuata mumewe, lakini mume hakuweza kumfuata mkewe. Mwaka uliofuata, 1969, fikra hiyo ikaingizwa katika kanuni za uhamiaji: wanaume wa Jumuiya ya Madola wakazuiwa kujiunga na wake zao walioko Uingereza, ila kwa shida ya pekee. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1974 kisha likarudi kwa sura nyingine. Hata Sheria ya Uhamiaji ya 1971, pale ilipowaahidi wakaazi wa Jumuiya ya Madola waliokuwa tayari nchini kwamba hawatapunguziwa uhuru wao wa kuingia na kutoka, iliwataja wao, wake zao na watoto wao. Waume hawakutajwa. Na ahadi yenyewe ilifutwa mwaka 1988.

Wanawake walioruhusiwa kuingia hawakupita kwa heshima. Januari 1979 mwalimu wa miaka 35 kutoka India alitua uwanja wa ndege wa Heathrow akienda kufunga ndoa na mchumba wake. Mchumba hakuhitaji kibali cha mapema, lakini mke alikihitaji. Maofisa walimshuku kwamba tayari ni mke, kwa hiyo akafanyiwa uchunguzi wa mwili kuangalia kama ni bikira. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamke wa Kihindi ambaye hajaolewa lazima awe bikira. Gazeti la Guardian liliifichua habari hiyo, na serikali ikaupiga marufuku uchunguzi huo. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, wanahistoria Evan Smith na Marinella Marmo walipofungua majalada ya serikali, waliona kwamba wanawake wasiopungua 80 walikuwa wamefanyiwa hivyo katika ofisi za Uingereza huko India. Nikisoma kisa hiki huwa nakumbuka kwamba kabla shaka haijadai bili ya umeme, iliwahi kuudai mwili wenyewe uwe ndiyo hati.

Mwaka 1980 ikaja kanuni iliyotisha kuliko zote, kanuni ya lengo kuu. Mume aliyeomba kumfuata mkewe angekataliwa ikiwa lengo kuu la ndoa lilikuwa kuingia Uingereza. Kuanzia mwaka 1983 ikawa wazi kwamba ni mwombaji anayepaswa kuthibitisha kuwa hilo silo lengo lake. Hebu fikiria namna ya kuthibitisha jambo ambalo hukulikusudia. Akisema anataka kuishi na mkewe Uingereza, amekiri kuwa anaitaka Uingereza. Akisema angekubali kuishi popote, ataulizwa kwa nini basi mke asihamie kwake. Maofisa walifika mahali pa kusema kwamba kwa mila za Bara Hindi mke ndiye huhamia kwa mume, hivyo mwanamume anayehamia kwa mke anatia shaka. Kwetu Pwani hoja hiyo ingezua kicheko. Katika miji ya Waswahili binti amepewa nyumba na wazazi wake tangu zamani, na bwana harusi kuhamia kwa mkewe si kioja.

Kanuni za 1980 ziligawa wanawake pia. Mwanamume mkaazi, hata asiye raia, aliweza kumleta mkewe. Mwanamke aliweza kumleta mumewe ikiwa tu yeye ni raia aliyezaliwa Uingereza, au mzazi wake mmoja amezaliwa huko. Mwaka 1983 sharti la kuzaliwa liliondolewa, lakini mwanamke mkaazi asiye raia alibaki nje. Wanawake watatu walilipinga jambo hilo: Nargis Abdulaziz, aliyezaliwa Malawi katika familia yenye asili ya India, Arcely Cabales kutoka Ufilipino, na Sohair Balkandali, aliyezaliwa Misri. Wote walikuwa na haki ya kuishi Uingereza bila kikomo, na wote waume zao walikataliwa. Kesi yao ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na hukumu ikatolewa tarehe 28 Mei 1985. Serikali ilijitetea kwamba inalinda ajira, kwa kuwa wanaume hutafuta kazi zaidi kuliko wanawake. Mahakama haikuridhika. Ilisema nchi hailazimiki kuheshimu chaguo la wanandoa kuhusu mahali pa kuishi, lakini haiwezi kuwapa wanaume haki inayowanyima wanawake.

Walishinda. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Serikali ilikuwa na njia mbili za kuleta usawa: kuwaamini waume kama ilivyowaamini wake, au kuwashuku wake kama ilivyowashuku waume. Ikachagua ya pili. Mwaka huohuo wa 1985 kanuni ya lengo kuu ikawekwa kwa wote, wanaume kwa wanawake. Shaka iliyokuwa imewaelemea wachache haikuondolewa, bali iligawanywa sawasawa.

Ndiyo maana sisemi kwamba historia hii ni ya giza lililoishia kwenye mwanga, ingawa kanuni ya lengo kuu ilifutwa Juni 1997, serikali mpya ilipoingia. Shaka ilibadili mavazi. Mwanzo mwenza alisubiri miezi 12 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mwaka 2003 ikawa miaka miwili. Tarehe 9 Julai 2012 ikawa mitano, na ndani ya miaka hiyo kuna kibali cha kwanza, kibali cha kuongeza muda, na ada kila hatua. Siku hiyohiyo kiliwekwa kiwango cha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi palipo na watoto wasio raia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema kiwango chenyewe si haramu, lakini kanuni hazikuwapa watoto uzito wanaostahili. Tangu Aprili 2024 waombaji wapya wanadaiwa pauni 29,000. Haulizwi tena mtu kwa nini ameoa. Anaulizwa analipwa kiasi gani. Swali hili lina adabu zaidi, lakini linawazuia wengi vilevile, na aghalabu ni haohao: wanawake, vijana, na wanaofanya kazi za mshahara mdogo.

Muda mrefu wa kusubiri una hatari isiyoonekana kwenye fomu. Katika miaka hiyo mitano mwenza yupo nchini kwa sababu ya ndoa, na hana haki ya misaada mingi ya serikali. Mume akiwa mkatili, mlango wa kutokea ni uleule wa kurudishwa kwao. Vikundi vya wanawake, hasa Southall Black Sisters wa London, vilipigania jambo hili kwa miaka. Mwaka 1999 serikali ikaanza kuwaruhusu walioteswa katika ndoa waombe ukaazi bila kusubiri muda uishe, na mwaka 2012 ukawekwa utaratibu wa kuwapa msaada wa fedha wakati wanaomba. Katika historia yote niliyoisoma, hapa ndipo nilipoona sheria ikikubali kwamba yenyewe inaweza kuwa silaha mkononi mwa mwenzi mmoja.

Sitaki nyumbani kuonekane peponi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia yake ya kuomba uraia, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa njia hiyo. Ni fikra ileile ya vocha za 1968, kwamba mke humfuata mume. Tofauti kati ya nchi hizi haiko kwenye wema. Nchi hiyohiyo inaweza kuwaamini watu inapowaona ni wake, na kuwashuku inapowaona wanabisha hodi. Kifungu cha 160 kiliandikwa kwa ajili ya watu walio ndani. Kanuni za uhamiaji huandikwa kwa ajili ya walio mlangoni.

Mimi nipo mlangoni mwaka wa tano sasa. Ada ya ombi kama langu ilipandishwa Aprili 2025 ikawa pauni 3,029. Nimefanya mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, unapita ukipata 18. Kitabu cha kujiandalia kinamtaka mwombaji awajue wake sita wa mfalme Henry wa Nane, pamoja na aliowaacha na aliowakata vichwa. Niliwakariri wote, nikicheka peke yangu kwamba katika kuthibitisha ndoa yangu ni ya kweli nimepewa mwalimu kama huyo.

Ndoa yetu ilifungwa Tanga. Kulikuwa na walii, mashahidi wawili na mahari yaliyotajwa mbele ya watu, na mtaa mzima ulikula pilau. Ukitaka kuipinga utabishana na watu wengi sana. Huku Uingereza bili karibu zote zilikuwa na jina la mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kupanga nyumba. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiziomba kampuni ziongeze jina langu, moja baada ya nyingine, si kwa sababu nataka kudaiwa umeme bali ili nionekane nimeishi. Barua ya sita imetoka kwa daktari wa meno.

Jirani yetu wa juu, mama wa Kisomali anayetuletea sambusa kila Ramadhani, aliposikia naomba ukaazi alisema ataniandikia barua. Akaandika ukurasa mzima kwa mkono kwamba anatujua, kwamba tunaishi pamoja, kwamba husikia tukifungua mlango saa kumi na mbili jioni. Haimo katika zile sita, na najua hakuna anayelazimika kuisoma. Nimeiweka juu kabisa ya jalada.