Sauti ya Mfinyanzi

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa miaka mingi methali hiyo ilinihusu. Niliwatungia wenzangu mashairi ya harusi na ya kuagana, wakayasoma mbele za watu, wakapigiwa makofi. Yale niliyojitungia mwenyewe niliyaficha sandukuni. Nilichelea kuulizwa, "Na wewe nani hata utunge?"

Aliyenipunguzia hofu hiyo ni mfinyanzi wa kweli, Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu waliotokana na utumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Zingatia, ndugu msomaji: kila aitwapo, mtoto huyo anakumbushwa mahali alipowekwa na walimwengu. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikuweza kufuta dharau. Shule hakusoma. Mama yake alimfundisha kufinyanga, akawa anabeba vyungu kwenda kuviuza. Husimuliwa kwamba aliviuza kwa kuimba, na wanunuzi walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, naye akamfunza uimbaji. Wakati huo Siti alikuwa amekwisha kupita miaka thelathini, umri ambao wengi wetu tunasema mambo ya kujifunza yametupita.

Taarabu ilikuwa imeingia Unguja zama za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Ilikuwa burudani ya jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Nyumbani kwake Ng'ambo alikutana na wanamuziki wenzake, wakatunga nyimbo za mapenzi, na pia za dhuluma na za hukumu zisizo haki.

Sifa zilipoenea, maneno nayo yakaja. Walimsema kwa sura yake na kwa ukoo wake, tena kwa nyimbo. Hakukaa kimya, wala hakukana asili yake. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, akarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikasikika pwani na bara. Alipofariki mwaka 1950, yule aliyeitwa Mtumwa alikuwa anajulikana kwa jina lenye maana ya bibi mwenye heshima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Sisemi kwamba hakuwa na woga; ya moyoni ayajuaye ni mwenyewe. Ninalosema ni kwamba hakungoja dharau iishe ndipo aimbe. Angengoja, angekufa akingoja. Nami nilipolitafakari hilo, niliona kwamba sauti iliyoniuliza "na wewe nani?" haikuwa yangu. Niliiokota utotoni, siku mwalimu aliposoma beti zangu mbele ya darasa ili wenzangu wacheke, nikaichukua miaka yote kama mzigo wa mtu mwingine.

Si zamani, katika harusi ya mtoto wa dada yangu, nilisimama nikasoma shairi nililolitunga, nikasema kuwa ni langu. Beti mbili za mwanzo sauti ilitetemeka. Kufika ubeti wa tatu nilikwisha sahau kwamba natazamwa, nikabaki na vina na mizani tu, na raha ambayo sikuipata hata siku moja nilipowatungia wengine.

Nilipoketi, mzee mmoja alininong'oneza kwamba mizani ya ubeti wa nne ilipungua. Nilihesabu kwa vidole, nikakuta amesema kweli. Nilicheka. Usiku ule niliurekebisha, kisha nikaanza shairi jingine.