Shule za chumba kimoja za Marekani

Karibu mwaka 1918 Marekani ilikuwa na shule za umma zipatazo 200,000 zenye mwalimu mmoja tu, nyingi zikiwa mashambani. Watoto wa darasa la kwanza hadi la nane walikaa chumba kimoja, chenye jiko la kuni au makaa ya mawe. Mwalimu, mara nyingi binti ambaye hajaolewa, aliita kundi moja mbele lisome kwa sauti huku wengine wakifanya hesabu kwenye vibao. Wadogo waliyasikia masomo ya wakubwa kila siku, faida ambayo wapinzani wa shule hizo hawakuithamini ipasavyo. Mahudhurio yalifuata kilimo: wavulana wakubwa walifika wakati wa baridi, wakaadimika msimu wa kupanda.

Barabara nzuri, mabasi na kupungua kwa wakulima vilizimaliza. Kufikia 1970 zilibaki chini ya 2,000.

Shule ndogo zilizobaki zilikabili ugumu mpya. Sheria ya elimu ya Marekani iliyotiwa saini Januari 2002 ilitaka matokeo ya mitihani yatangazwe kwa rangi, kipato, lugha na ulemavu. Kwa shule ndogo hesabu hiyo hupotosha mno: penye watahiniwa watano, mtoto mmoja ni asilimia 20, na akihama tu, shule huonekana imepaa au imeporomoka. Makundi madogo hufichwa kwenye ripoti, mtoto asije akatambulika. Tishio jingine ni fedha: jimbo la Alaska, tangu miaka ya mwisho ya 1990, hupunguza sana fedha za shule yenye wanafunzi chini ya 10. Familia moja ikiondoka, shule yaweza kufungwa.