Asilimia za Ushindi na Ubingwa wa Tukuyu

Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, ambayo mashabiki wake huiita Banyambala, ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza wa ligi hiyo. Tukuyu ni mji mdogo uliokaa katika miteremko ya Mlima Rungwe, kwenye nchi ya migomba, chai na mvua isiyochoka, na mtu atokaye huko kwenda Dar es Salaam hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 800. Wapenzi wengi wa kandanda hawakuutazamia ushindi huo. Je, walikuwa na sababu ya kutoutazamia? Na hesabu ya asilimia, ambayo kila mwanafunzi huijua tangu shule ya msingi, ingewaambia nini?

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Tangu hapo hadi 1981 ilitoa mabingwa wa misimu 17. Misimu 16 ubingwa ulibaki Dar es Salaam, kwa Sunderland (iliyobadili jina mwaka 1971 ikawa Simba), kwa Cosmopolitan, na kwa Yanga. Msimu mmoja tu, wa 1975, kikombe kilikwenda nje ya jiji, kwa Mseto ya Morogoro. Tukigawa 16 kwa 17 na kuzidisha kwa 100 twapata asilimia 94. Mwenye kuisoma asilimia hiyo haraka atasema kwamba timu ya mkoani ina nafasi sita tu katika mia. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Asilimia 94 ni habari ya yale yaliyokwisha kutendeka, nayo haikuzaliwa na ubora wa miguu peke yake. Jijini ndiko kulikokuwa na ajira, viwanda, bandari, magazeti na viwanja, na kijana hodari wa mkoani aghalabu alihamia huko. Hali ya mambo ikibadilika hata kidogo, asilimia ya jana haimfungi mtu. Miaka miwili baada ya Tukuyu, yaani 1988, ubingwa ulikwenda Tanga kwa Coastal Union.

Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi, ingawa ni tamu. Mtu wa Rungwe aweza kusema: tuliingia ligi mara moja, tukashinda mara moja, basi ushindi wetu ni asilimia mia! Hesabu yake ni sahihi, lakini kigawanyo chake ni moja. Kwa hiyo twawasihi walimu wasikubali asilimia yoyote isiyotaja idadi ya michezo iliyoizaa. Marekani, katika besiboli, timu ya Chicago Cubs ya mwaka 1906 ilishinda michezo 116 na kushindwa 36, yaani asilimia 76, rekodi ya ajabu. Kisha katika fainali, ambayo ilimalizika kwa michezo sita tu, ikashindwa na majirani zake, Chicago White Sox.

Kandanda ina fundo lake jingine, nalo ni sare. Tuchukue timu mbili za kubuni, kila moja imecheza mara 22. Ya kwanza imeshinda 10, imetoka sare 10, imeshindwa 2. Ya pili imeshinda 14, sare 2, imeshindwa 6. Tukihesabu ushindi mtupu, ya kwanza ina asilimia 45 na ya pili 64. Lakini tukihesabu kila sare kuwa nusu ya ushindi, zote mbili zina asilimia 68. Kanuni ya zamani ya pointi mbili kwa ushindi na moja kwa sare ilikuwa na maana hiyo hiyo, kwani kila timu hapa ingekuwa na pointi 30 kati ya 44. Uingereza ilianza kutoa pointi tatu kwa ushindi mwaka 1981, na Kombe la Dunia mwaka 1994. Kwa kanuni hiyo timu ya kwanza hupata pointi 40 na ya pili 44 kati ya 66. Mabao ni yale yale na jasho ni lile lile. Waliobadilika ni wenye kupima. Hivyo haifai kulinganisha mabingwa wa enzi mbili kwa pointi zao kabla ya kuzirudisha kwenye ushindi, sare na kushindwa.

Huko Rungwe ubingwa wa 1986 umehifadhiwa zaidi katika masimulizi kuliko katika madaftari. Masimulizi yana utamu wake, lakini hukumbuka mabao na kusahau sare. Wanafunzi wa sekondari za wilaya hiyo wangeweza kuifanya kazi ambayo sisi watu wazima tumeichelewesha. Wapekue magazeti ya mwaka ule maktabani, wawaendee wachezaji wa zamani wangali hai, wapige mistari ya safu nne: kucheza, kushinda, sare, kushindwa. Michezo ya nyumbani iandikwe mbali na ya ugenini, maana mgeni aliyefika Tukuyu kutoka pwani alipambana pia na baridi, utelezi na uchovu wa safari, na Banyambala nao waliposhuka pwani walilipa deni hilo kwa joto. Sisi tungependa kwanza kuiona safu ya sare za ugenini.