Filta ya UV na vumbi la Kharumwa

Wadau, kuna mpiga picha anajiandaa kwenda Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale kule Geita, kupiga picha za wachimbaji wadogo. Dukani kaambiwa bila filta ya UV picha zake zitatoka na ukungu wa bluu. Basi bwana, maneno hayo yalikuwa kweli enzi za babu zetu.

Tangu upigaji picha utangazwe duniani mwaka 1839, dawa iliyopakwa kwenye bamba ilishika zaidi mwanga wa bluu na ule wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani anga ni jeupe tupu, wingu hakuna hata moja. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon, Uingereza, ikaingiza sokoni mabamba yanayoona rangi zote, pamoja na filta za kuyasaidia. Mwaka 1912 George Eastman wa Kodak akainunua kampuni nzima, hasa kwa kuwa alimtaka mtaalamu wake, C.E.K. Mees, akamwanzishie maabara ya utafiti kule Rochester, Marekani. Filamu za rangi kama Kodachrome (1935) zilipokuja, milima ya mbali ikawa inatoka ya bluu, na filta ya UV ikawa na kazi ya maana.

Kisha dijitali. Mbele ya sensa ya kamera hizi tayari kuna kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Kazi ya filta ikaisha, jina likabaki, na bei pia!

Sasa rudi Kharumwa. Dhahabu ya ukanda ule hukaa sana kwenye mawe ya kwatzi, na karasha huyasaga mpaka unga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, kioo cha kawaida ni kama 5.5. Ukifuta lenzi yenye vumbi hilo kwa pindo la shati, unaipiga msasa. (Vumbi hilohilo huingia vifuani mwa vijana wanaohudumia karasha na kuleta silikosisi, ugonjwa usiopona. Wengi hufunga kitambaa tu puani. Mimi ningeanza na picha hiyo.)

Kwa hiyo filta inunuliwe, lakini kama kioo cha kinga. Neno UV lisikubabaishe, angalia kioo chenyewe. Kisichopakwa dawa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, ndiyo yale madoa ya taa kwenye picha. Dawa ya kuzuia hilo iliandikishwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, na bado kuna wanaouza filta zisizo nayo. Tazama taa ya dukani ndani ya filta: ikirudi nyeupe kama kwenye dirisha, iache; ikirudi hafifu, ya kijani au zambarau, hapo sawa. Kipenyo kisome baada ya alama ya Ø, usichanganye na 50mm ya lenzi. Na kwa baadhi ya lenzi za L, Canon wenyewe wanasema kinga ya vumbi haikamiliki bila filta mbele.

Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira kabla ya kufuta chochote. Usiku, ukipiga picha chini ya balbu kali, ifungue filta, uirudishe kabla karasha halijawashwa tena.