Jaramogi, Oruka na deni la uhuru

Juni 1958, kumsifu Jomo Kenyatta hadharani kulikuwa mwiko. Alikuwa mfungwa huko kaskazini, na serikali ya kikoloni ilitaka asahaulike. Ndipo Jaramogi Oginga Odinga, mbunge wa Nyanza ya Kati, aliposimama katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi na kutamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi ambao Waafrika wanawatambua. Walowezi wakamshambulia kwa maneno. Hata baadhi ya wabunge wenzake Waafrika wakajitenga naye.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka 1945 mjini Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alikuwa amehutubia umati akisema binadamu hana kisingizio: hata anayekataa kuchagua amechagua. Miaka miwili baadaye mwanafalsafa mwenzake, Simone de Beauvoir, akaandika kwamba anayetaka uhuru wake kwa dhati hana budi kuutaka wa wengine pia. Si lazima Odinga awe amewasoma. Mwalimu huyu wa zamani wa Maseno alikuwa ameacha majina yake ya ubatizo, Obadiah Adonijah, na mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya Luo Thrift iliyojenga Jumba la Ramogi mjini Kisumu kwa michango ya Waluo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kuitimiza: asiye na chake huamuliwa na mwenye nacho.

Katika uchaguzi wa mwaka 1961 chama cha Odinga, KANU, kilipata viti 19 dhidi ya 11 vya chama pinzani cha KADU, kisha kikakataa kuunda serikali mradi Kenyatta yungali kizuizini. Viongozi walioshinda waliacha madaraka mezani. Agosti mwaka huohuo Kenyatta akaachiliwa.

Miaka minane baadaye, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wenyeji wanaiita Russia mpaka leo. Odinga alikuwa ameshajiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuanzisha chama cha upinzani cha KPU. Waziri Tom Mboya, Mluo kama Odinga, alikuwa ameuawa Julai, na uchungu ulikuwa mbichi. Kenyatta na Odinga wakarushiana maneno mbele ya umati, mawe yakarushwa, walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wanasema waliokufa ni wengi zaidi. Katika siku chache KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Je, aliyefyatua risasi kwa amri naye alikuwa huru? Sartre angejibu ndiyo bila kusita. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa kutoka Siaya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuona wepesi huo. Katika kitabu chake cha 1976 kuhusu adhabu na ugaidi barani Afrika, alidai kwamba uhalifu huzaliwa na nguvu zilizomo katika jamii, na kwa hiyo kumwadhibu mhalifu ni kupiga kivuli. Mwaka 1991, katika kitabu kuhusu falsafa ya uhuru, aliufunga uhuru na mahitaji: mwenye njaa hana uhuru kamili wa siasa, hata akipewa kura.

Hoja ya Oruka ina uzito, hasa katika vijiji vya ziwani ambako mvuvi asiye na mashua humfanyia kazi mwenye mashua. Lakini ikivutwa mpaka mwisho, haimwachi mtu yeyote wa kuulizwa kuhusu Oktoba 1969. Oruka mwenyewe alikwenda kumhoji Odinga kwa kina, na mwaka 1992 akachapisha mahojiano hayo kuwa kitabu kuhusu falsafa na imani zake. Mtu aliyeshika uhuru kama uamuzi alikutana na aliyeutafuta katika chakula, afya na makao.

Odinga alifariki Januari 1994, Oruka Desemba 1995. Hospitali ile sasa ina jina la Jaramogi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za zamani, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Kisumu.