Waingereza na michezo: Watu 6 wa kuwajua, na sheria zilizowaacha wengine nje ya uwanja

Kila wikendi watu kibao Afrika Mashariki wanakaa mbele ya TV kuangalia Ligi Kuu ya England. Majina ya wachezaji wa leo wanayajua kwa kichwa. Lakini uliza nani aliandika sheria za kwanza za FA, au kwa nini kuna raga za aina mbili, uone kijiwe kizima kinavyonyamaza.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Waingereza hawakuwa watu wa kwanza kupiga mpira. Wachina walikuwa na mchezo wao wa mpira wa miguu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walichofanya Waingereza, hasa karne ya 19, ni kuandika sheria na kuunda vyama vya kuzisimamia.

Na anayeandika sheria ndiye anayeamua nani acheze na nani abaki nje. Watu hawa 6 wanatuonyesha pande zote mbili.

1. Ebenezer Cobb Morley: Mwanasheria wa soka

Kabla ya 1863, kila shule na kila klabu England ilicheza mpira kwa sheria zake. Wengine waliruhusu kubeba mpira mikononi, wengine hapana. Timu mbili zikikutana, ugomvi ulianza kabla hata mpira haujaanza.

Morley, mwanasheria aliyezaliwa mjini Hull na kuanzisha klabu ya Barnes, alichoka. Akaandika kwenye gazeti akitaka mpira uwe na sheria moja. Oktoba 26, 1863, wawakilishi wa klabu walikutana kwenye baa ya Freemasons' Tavern, London, wakaunda chama cha soka, FA. Yeye akawa katibu wake wa kwanza.

Sheria zilizopitishwa zilikuwa 13 tu. Kilicholeta mvutano ni kumpiga mwenzako teke la ugoko. Klabu ya Blackheath iliona kwamba ukiondoa mateke hayo, mchezo unakuwa laini mno. Ilipozidiwa kwa hoja, ikajitoa.

2. William Webb Ellis: Hadithi kubwa kuliko mtu mwenyewe

Hadithi inasema mwaka 1823, mwanafunzi wa shule ya Rugby aitwaye Ellis aliudaka mpira katikati ya mechi, akakimbia nao, na raga ikazaliwa hapo hapo.

Tatizo ni ushahidi. Hadithi hiyo ilianza kusambaa baada ya Ellis, aliyekuja kuwa kasisi, kufariki mwaka 1872. Linalojulikana kwa uhakika ni kwamba wanafunzi wa shule hiyo waliandika sheria zao mwaka 1845, na chama cha raga cha England kikaundwa 1871. Hata hivyo, Kombe la Dunia la raga ya wanaume lina jina la Ellis mpaka leo.

Mgawanyiko mkubwa ulikuja baadaye. Kaskazini mwa England wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wachimba makaa ya mawe. Jumamosi nayo ilikuwa siku ya kazi, hivyo kwenda kucheza kulimaanisha kukatwa mshahara. Klabu zao ziliomba kitu kidogo tu: wafidiwe siku waliyoikosa kazini. Viongozi wa chama, wengi wao watu wenye nafasi zao, wakakataa. Raga ni mchezo wa ridhaa, walisema.

Agosti 29, 1895, zaidi ya klabu 20 zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield zikaunda chama chao. Ndiyo chanzo cha raga ya wachezaji 13. Ile ya wachezaji 15 ilibaki ya ridhaa kwa miaka 100 kamili, hadi Agosti 1995 iliporuhusu malipo.

3. W.G. Grace: Daktari mwenye ndevu na fimbo ya kriketi

Sheria za kriketi zilikuwepo kitambo. Klabu ya MCC ya London ilianza 1787 na mwaka uliofuata ikatoa sheria zake. Lakini aliyejaza viwanja ni William Gilbert Grace, aliyezaliwa 1848 karibu na Bristol. Alicheza kriketi ya daraja la juu kuanzia 1865 hadi 1908, akafunga zaidi ya mikimbio 54,000.

Grace alikuwa daktari, na kwenye vitabu vya kriketi aliandikwa kama mchezaji wa ridhaa. Maana yake, hakutakiwa kulipwa. Lakini mwaka 1895 wananchi walimchangia maelfu ya pauni kwa heshima yake.

Rudi juu uangalie mwaka huo. Ni 1895 ile ile ambayo klabu za wachimba makaa zilijitenga baada ya kukataliwa fidia ya siku moja ya kazi. Michezo ni tofauti na vyama ni tofauti, lakini neno ni lile lile: ridhaa. Kwa mwenye jina na hadhi, lilinyumbulika. Kwa mfanyakazi, lilikuwa ukuta.

4. Arthur Wharton: Kutoka Accra hadi langoni

Wharton alizaliwa Accra, Ghana ya leo, mwaka 1865. Akaenda England kusomea kazi ya umisionari wa Methodisti, lakini miguu yake ikamchagulia njia nyingine. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 katika mashindano ya riadha ya England uwanjani Stamford Bridge, akawa bingwa.

Alikuwa pia golikipa. Alidakia Preston North End, na aliposajiliwa Rotherham Town mwaka 1889 akawa mchezaji anayetambuliwa kama mtu mweusi wa kwanza kucheza soka la kulipwa duniani. Baadaye alikwenda Sheffield United.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa magumu. Alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa na kufariki 1930 akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 1997.

5. Lily Parr: Mshambuliaji aliyefungiwa viwanja

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wakiwa vitani, wanawake waliingia viwandani na kuunda timu. Maarufu zaidi ilikuwa Dick, Kerr Ladies ya Preston, iliyocheza kuchangisha fedha kwa ajili ya majeruhi wa vita. Lily Parr alijiunga nayo mwaka 1920, akiwa bado binti mdogo, na alijulikana kwa mashuti makali ya mguu wa kushoto.

Desemba 26 mwaka huo, timu hiyo ilicheza uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000.

Haukupita mwaka, FA ikafunga mlango. Desemba 5, 1921, ilizitaka klabu zake zisiwape wanawake viwanja, kwa madai kwamba soka haliwafai na kwamba fedha za hisani hazitumiki inavyopaswa. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Parr aliendelea kucheza viwanja vya pembeni huku akifanya kazi ya uuguzi. Mwaka 2002 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya magwiji ya Makumbusho ya Soka ya Taifa ya England.

Julai 31, 2022, wanawake wa England walitwaa ubingwa wa Ulaya Wembley mbele ya mashabiki 87,192. Hiyo miaka 50 iliyopotea, nani atairudisha?

6. Roger Bannister: Dakika 4 zilizovunjika

Mei 6, 1954, mwanafunzi wa udaktari Roger Bannister alikimbia maili moja mjini Oxford kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Alikuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 kwa muda uliothibitishwa rasmi. Wenzake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, walimvuta kwa kasi kabla hajamaliza mwenyewe.

Rekodi yake ilidumu siku 46 tu, kisha John Landy wa Australia akaivunja. Na Mei 17, 1975, huko Kingston, Jamaica, rekodi ya dunia ya maili ilichukuliwa na Mtanzania Filbert Bayi, kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Kwa kifupi

Waingereza waliipa dunia sheria za michezo mingi tunayoipenda, na hilo ni deni la kweli. Lakini mbio za Bayi zinasema jambo moja wazi: mlango ukiwa wazi, kipaji kinatoka popote. Mfanyakazi wa Huddersfield na Lily Parr hawakukosa uwezo. Walikosa ruhusa.